Bolingi Kitengela: pigeni hesabu ya Jumanne kwanza

Leo naweka kando kidogo habari za hifadhidata na lugha za programu, ingawa mtaona mbele kwamba sijaziweka mbali sana. Nataka tuzungumzie biashara moja ambayo naulizwa habari zake siku hizi: kufungua ukumbi mdogo wa bolingi hapa Kitengela, au kule Kajiado mjini. Kwa asiyeufahamu, bolingi ni ule mchezo wa kuviringisha tufe zito kwenye njia ndefu ya mbao, likaangushe pini kumi zilizosimama mwisho wa njia.

Maoni yangu nayasema mapema. Wazo lenyewe si baya. Kibaya ni namna watu wanavyolipangia bajeti. Wanaanza na bei ya mashine, wanaongeza rangi za ukuta na taa za kumeta, wanakadiria umati wa Jumamosi, kisha hao wanakwenda benki na hati ya ploti. Mimi nasema bajeti ya bolingi ianze na Jumanne, siku ambayo hakuna mtu aliyepanga kutoka.

Walioniuliza ni chama cha watu tisa. Walitaka niwaandikie programu ya kuhifadhi nafasi na kupokea malipo kwa M-Pesa. Pesa walizo nazo ni akiba ya miaka mingi, na rehani ya mkopo ni ploti ya mmoja wao. Nikawaambia kwamba programu ya kwanza wanayoihitaji si hiyo. Wanahitaji lahajedwali tu, ile ya LibreOffice inayopatikana bure.

Naelewa kwa nini wazo hili linavutia. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 mjini Kitengela, na kaunti nzima ya Kajiado watu 1,117,840. Vijana ni wengi, familia changa ni nyingi, na jioni mahali pa kwenda ni baa, nyama choma, au kurudi nyumbani. Anayetaka kucheza bolingi amezoea kupanda hadi Nairobi, kwenye kumbi kama ile ya Village Market kule Gigiri. Kwa hiyo mtu anajiambia: wateja wapo, mshindani hayupo, ninangoja nini?

Haya, tupige hesabu. Kipimo ninachotumia nakiita saa ya njia, yaani njia moja ikichezewa kwa saa moja. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, wewe weka zako.

Tuseme una njia 4, unafungua saa 10 kwa siku, siku 6 kwa wiki (Jumatatu mnapumzika). Hizo ni saa za njia 240 kwa wiki. Jumamosi na Jumapili njia zinachezewa asilimia 60 ya muda, basi hapo una saa 48. Siku nne zilizobaki, asilimia 10 tu: saa 16. Jumla ni saa 64. Ukitoza Sh1,500 kwa saa unapata Sh96,000 kwa wiki, sawa na Sh416,000 kwa mwezi.

Sasa matumizi ya mwezi. Kodi ya jengo 150,000 (hata kama jengo ni lenu lihesabuni, maana mngeweza kulikodisha). Mishahara 150,000, pamoja na mchango wa mwajiri wa NSSF na ile asilimia 1.5 ya makazi. Stima na dizeli 50,000. Vipuri na matengenezo 40,000. Mkopo 120,000. Jumla Sh510,000. Kila mwezi mnapungukiwa na Sh94,000, na huku Jumamosi ukumbi unaonekana umejaa na majirani wanasema mmeshatajirika.

Badilisha kisanduku kimoja tu cha lahajedwali. Siku za katikati ya wiki zipande kutoka asilimia 10 hadi 25. Saa za njia zinakuwa 88, mapato Sh132,000 kwa wiki, Sh572,000 kwa mwezi. Mnabaki na Sh62,000. Mnashangilia? Subirini kwanza. Mauzo ya mwaka sasa ni Sh6,864,000, na sheria inataka anayefikisha mauzo ya Sh5,000,000 ndani ya miezi 12 ajisajili kulipa VAT ya asilimia 16. Kama ile Sh1,500 ndiyo bei ya mwisho kwa mteja, ondoa VAT ndani yake na mapato yanashuka hadi kama Sh493,000. Mmerudi kwenye upungufu wa Sh17,000, kabla ya kudai VAT mliyolipa kwenye manunuzi na kabla ya kodi nyingine. Ule mwaka wa hasara mauzo yalikuwa Sh4,992,000, chini kidogo ya mpaka. Mtu asiyeandika hesabu hii atashangaa kwa nini wateja wameongezeka na pesa hazionekani.

Pandisheni siku hizo nne hadi asilimia 30, nanyi mnapata nafuu ya kama Sh28,000 baada ya VAT. Hiyo ni sawa na saa 12 za njia kwa siku. Kila njia ikiwa na wachezaji wanne kwa saa, mnahitaji watu 48 Jumanne, 48 Jumatano, na kadhalika. Soda na chipsi zitasaidia, lakini anayekula chipsi ni yule yule aliyekuja kucheza. Basi swali la biashara nzima ni hili: watu 48 wa Jumanne watatoka wapi?

Hapa ndipo mahali panapohusika. Mkazi wa Kitengela anayefanya kazi Nairobi hutoka alfajiri na hurudi usiku, amechoka na foleni ya Mlolongo. Huyo hatakuja saa nane mchana. Kwa hiyo Jumanne msifungue saa nne asubuhi eti kwa sababu kibao kinasema hivyo; fungueni alasiri, mpunguze zamu moja ya mshahara. Wafanyakazi wa viwanda vya EPZ kule Athi River wapo karibu, lakini Sh1,500 ikigawanywa kwa wanne ni Sh375 kila mmoja, na mtu wa mshahara mdogo ataipima na unga na nauli. Kajiado mjini ni makao makuu ya kaunti, kuna ofisi, na ofisi zinaweza kuunda ligi ya jioni. Shule na makanisa yana vikundi vya vijana. Hawa ndio wa kutafutwa kabla ya mashine. Na mkitaka shule zije, amueni mapema kuhusu pombe, kwa sababu sheria ya vileo ya 2010 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na mzazi akiona kaunta ya bia mlangoni atageuza gari.

Sasa tuje kwenye ardhi. Ploti nyingi hapa kwetu ni hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa 100. Kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya mbele ni futi 60. Ongeza futi 15 za kukimbilia kabla ya kurusha, kisha jukwaa la pini, mashine na kijia cha fundi nyuma yake. Umeshapita futi 85. Viti viwekwe wapi? Magari je? Kwa upana hakuna shida, maana njia mbili huchukua kama futi 11 na nusu. Urefu ndio unaokula ploti.

Halafu kuna ule udongo mweusi. Kila aliyejenga Kitengela anaujua: mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka, na sakafu inafuata. Kwenye nyumba ya kuishi ni ufa mdogo unaozibwa kwa saruji. Kwenye bolingi ni jambo lingine. Viwango vya shirika la bolingi la Marekani, USBC, haviruhusu njia ipinde au iinamie upande mmoja kwa zaidi ya sehemu 40 katika 1,000 za inchi, yaani kama milimita moja. Kwa hiyo kuchimba udongo wote mweusi, kujaza mawe na moramu, kushindilia na kumwaga zege nene si mambo ya kubania. Nikiona bajeti ambayo taa za rangi zimetengewa pesa kuliko msingi, naifunga.

Kuhusu mashine za kusimamisha pini, mimi nina upande. Zipo za kawaida, ambazo pini huanguka huru na mashine huzizoa na kuzipanga, na zipo za kamba, ambazo kila pini imefungwa kamba kichwani na huvutwa juu. Wapenzi wa mchezo watakwambia za kamba hazina mlio ule na pini hazianguki vile vile. Ni kweli zinatofautiana, ndiyo maana USBC ilipozikubali mwaka 2023 iliziweka kwenye kundi lake peke yake. Lakini za kamba zina vipuri vichache, hutumia umeme kidogo, na fundi wa kawaida mwenye akili anaweza kujifunza kuzirekebisha. Mashine ikisimama Jumamosi saa kumi jioni huku kipuri kikiwa ng'ambo, mteja hataki kusikia habari za mlio. Nunueni za kamba.

Mashine zinalipiwa kwa dola, basi kisanduku cha dola kwenye lahajedwali kisiwe na tarakimu moja. Januari 2024 dola ilipita Sh160, na kufikia Aprili mwaka huo ilikuwa karibu Sh130. Kwa mzigo wa dola 60,000, tofauti hiyo ni Sh1,800,000. Bado hamjaweka usafirishaji, ushuru wa forodha, ada ya reli na VAT ya bandarini. Wekeni hali tatu, nzuri, ya kati na mbaya, na mradi usiposimama kwenye ile mbaya, msiuanze. Fanyeni vivyo hivyo kwa stima. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi, na hizi za kupotea nusu saa tumezizoea. Je, jenereta yenu itabeba mashine zote nne, au taa peke yake?

Na programu niliyoombwa? Itakuja, lakini iwe ndogo. Ipokee M-Pesa, itoe risiti ya eTIMS, na iandike kila mara mashine inaposimama: njia gani, saa ngapi, kwa nini. Miezi sita ya kumbukumbu hizo itawaambia kipuri gani cha kuweka akiba. Namba za simu za wateja zihifadhiwe kwa idhini yao, maana sheria ya kulinda data ya 2019 haibagui ukumbi mdogo na mkubwa. Mambo ya picha za wachezaji na pointi za zawadi yangoje.

Kabla ya yote hayo, ushauri wangu kwa chama kile, na kwa wewe unayefikiria jambo kama hili, ni jaribio lisilogharimu sana. Chukueni daftari. Jumanne nne mfululizo, nendeni kwenye kumbi za puli na mahali pa michezo ya watoto hapa mjini, mhesabu vichwa saa kwa saa. Kisha ziendeeni ofisi, shule na makanisa, mkauze nafasi za katikati ya wiki mapema, kwa malipo ya awali hata kama ni madogo. Maneno ya "tutakuja" msiyahesabu. Hesabuni pesa zilizotumwa. Zikitosha kujaza zile saa 12 za njia kwa siku, nileteeni lahajedwali nami nitaanza kuandika programu. Zisipotosha, mtakuwa mmepoteza mwezi mmoja na nauli ya matatu, na hati ya ploti bado iko kabatini kwa mwenyewe.