Nani Kawaambia Alikuwa Mwoga?

Wiki tuliyomzika rafiki yetu, mvua ya Tukuyu haikukatika. Tulirudi kutoka makaburini viatu vizito kwa tope, tukajibanza kwenye banda la chai karibu na stendi, na kabla vikombe havijapoa hukumu tatu zilikwishatolewa. Wa kwanza alisema marehemu alikuwa mwoga, kayakimbia maisha. Wa pili akasema wapi, karogwa huyo, ukoo wao una laana. Wa tatu, aliyesoma kutuzidi kidogo, akacheka: "Nyie washamba kweli. Hizo ni kemikali tu za ubongo. Zikipungua, basi."

Siku ile sikujibu, nilikuwa na donge kooni. Leo najibu, tena kwa hasira, maana wote watatu walikosea, na makosa yao yanaweza kutuulia wengine.

Naanza na huyu wa mwoga. Ubongo, ndugu yangu, ni kiungo cha mwili kama figo na ini, na kiungo huugua. Rafiki yetu alikaa wiki nyingi bila usingizi wa maana. Chakula akaacha. Drafti akaacha, yeye aliyekuwa akitufunga sote. Hizo zilikuwa dalili za sonona, kama kutetemeka kulivyo dalili ya malaria. Mwenye malaria akitetemeka, nani humwambia ajikaze kiume? Lakini huyu tulimwambia. Na mtu akionekana kaharibikiwa tunamtania, "Huyu wa Mirembe," kana kwamba ile hospitali ya Dodoma ni kichekesho.

Hata sheria yetu inafikiri kama mwenzetu wa kijiweni. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Mtu katoka mlangoni mwa kifo, tunamwonyesha mlango wa polisi! Hapo atamwambia nani anavyojisikia? Jirani zetu Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ikatamka kwamba kinapingana na Katiba yao. Sisi tunangoja nini?

Wa laana simcheki. Wazee wa Kinyakyusa walikuwa na maelezo yao. Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti huku kwetu miaka ya 1930, na katika kitabu Good Company cha mwaka 1951 Monica akaeleza imani ya "pumzi ya watu": manung'uniko ya majirani humpata mkosaji kama ubaridi, akaugua. Angalau wazee walijua kwamba binadamu huweza kuuguzwa na binadamu wenzake. Lakini tukitamka laana leo, tunaupaka ukoo mzima matope, na mgonjwa wa pili atajificha ili wasimseme.

Sasa msomi wetu wa kemikali. Huyu ndiye aliyeniudhi zaidi, maana kasema nusu ya kweli kwa sauti ya kweli nzima. Mwaka 1976, huko Stockholm, daktari Marie Åsberg na wenzake walipima majimaji ya uti wa mgongo ya wagonjwa 68 wa sonona. Walikuwa wakitafuta mabaki ya serotonini, mojawapo ya vitu ambavyo seli za ubongo hupelekeana habari. Wakaona waliokuwa na mabaki machache ndio waliojaribu kujiua zaidi. Kutoka hapo hadithi ikanenepa, mpaka mitaani ikawa serotonini ikipungua mtu anakufa, kama gari lililoishiwa petroli.

Mambo si mepesi hivyo. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff wa London na wenzake walipitia tafiti nyingi, wakasema hawakuona ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na upungufu wa serotonini. Wataalamu wengine waliwabishia, na ubishi haujaisha. Hiyo haina maana kwamba dawa ni bure. Huwasaidia wengi, na anayezitumia asiziache kwa sababu ya maneno yangu. Akaongee na daktari wake. Ninachokataa ni lile neno "tu". Kemikali tu! Nani alizivuruga? Tangu lini?

Sikilizeni hili. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walichunguza ubongo wa marehemu 36. Kumi na wawili walijiua na utotoni walikuwa wameteswa. Kumi na wawili walijiua bila historia hiyo. Kumi na wawili walikufa kwa sababu nyingine. Kwa lile kundi la walioteswa, jeni moja inayousaidia mwili kufunga breki ya homoni ya msongo ilikuwa imefifia kuliko kwa wengine. Watu 36 si wengi, na si kila aliyepigwa hujiua. Lakini maana yake inatisha: fimbo haiishii mgongoni. Huingia ubongoni, ikakaa huko miaka. Basi kemikali na maisha si maadui wawili wa kushindanisha kijiweni. Kemikali nayo huandikwa na maisha.

Na hapa nawageukia nyinyi, waandishi wenzangu wa kurasa hizi. Tumekuwa na ugonjwa wa kumaliza hadithi kwa kujiua. Mhusika akitushinda, tunamwua, kisha tunajiona tumekuwa Kezilahabi. Hebu msomeni tena! Katika Rosa Mistika, cha 1971, Rosa hajiui ghafla ukurasa wa mwisho. Kwanza kuna Zakaria, baba mlevi mwenye mkono mwepesi. Kisha dunia inamtumia, na mwisho mchumba anamkataa. Kezilahabi alitupa safari nzima. Sisi tunaiga kaburi tu. Na Kazimoto wa Kichwamaji, cha 1974, tumemgeuza shujaa wa falsafa, eti kajiua kwa kuwa na akili nyingi. Acheni hizo. Anayewasoma usiku peke yake, taa imezimwa nyumba nzima isipokuwa chumbani kwake, anaweza kuwa na akili iliyochoka kama ya rafiki yangu. Mnampa nini?

Mpeni ukweli huu. Richard Seiden wa Marekani aliwafuatilia watu 515 waliozuiliwa kujiua kwenye daraja moja la San Francisco kati ya 1937 na 1971. Mwaka 1978 alitoa matokeo: karibu 94 kwa kila mia walikuwa bado hai au wamekufa kwa sababu za kawaida. Yaani ile saa mbaya ilipita. Anayeokolewa leo hajaahirishiwa kifo. Kwa kawaida amerudishiwa maisha.

Nami nina deni. Wiki mbili kabla, rafiki yangu alinipa daftari lake la hadithi, akasema halihitaji tena. Nilifurahi! Nikasema asante, nikaanza kulisoma. Sikumwuliza, "Kwa nini hulihitaji? Unafikiria kufa?" Niliogopa neno hilo litamtia wazo. Baadaye nikajifunza kwamba kumwuliza mtu waziwazi hakumpandi wazo, humfungulia mlango. Ningemwuliza, ningekaa naye, ningewaambia kwao waweke mbali kila kitu cha hatari, ningempakia kwenye daladala twende naye hospitali, nikamngoja kwenye foleni.

Kwa hiyo mkitafuta mwoga katika habari hii, mwacheni marehemu apumzike. Mwoga ni mimi niliyeogopa swali moja. Na wewe unayesoma, kama kuna mwenzako anagawa vitu vyake, usishukuru kwanza. Muulize leo, tena kwa jina lake.