Furaha Yetu Isiwe Kilio cha Hayawani

Mwezi wa Desemba ukiwadia, mitaa ya mashariki ya Nairobi hubadilika sura. Shule zimefungwa, jua limetoka, na watoto wako nje tangu asubuhi. Huanza Sikukuu ya Jamhuri tarehe 12, ikafuata Krismasi, na usiku wa kuamkia mwaka mpya Majengo, Eastleigh na hata Buruburu hurindima kwa honi, vipaza sauti na fataki. Idi nayo, ambayo kila mwaka hutangulia kwa siku kama 11, huja na vishindo vyake. Hatuna ugomvi na furaha. Tunalotaka kulinena ni juu ya viumbe wasioalikwa katika sherehe hizo, nao wamo ndani yake: paka, mbwa, njiwa na kuku tunaowafuga.

Wahenga walinena kwamba mchezo wa paka ni mauti kwa panya. Siku hizo mambo hugeuka, mchezo wa watoto ukawa balaa la paka. Sikio la mwanadamu hukoma kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde. La mbwa hufika 45,000 hivi, na la paka hupita 60,000. Husikia mengi tusiyoyasikia sisi, wala hapana awezaye kumweleza kwamba hizo ni fataki tu.

Kule pwani nyumba ina ua, na paka wa Lamu hakosi kichochoro cha kukimbilia. Katika nyumba za Majengo, Pumwani, mtaa ulioanzishwa miaka ya 1920, mara nyingi jamaa nzima hukaa chumba kimoja kinachofungukia ujia wa kati. Paka akishtuka mle hutoka mbio hadi barabarani, kwenye magurudumu. Dawa yake si ghali. Kabla ya Maghrib mwingize ndani, funga dirisha, mtilie boksi chini ya kitanda lenye kitambaa, na umwekee maji na mchanga. Akijificha, asivutwe kwa nguvu. Tundu la njiwa na kuku lifunikwe gunia lipitishalo hewa. Mbwa asiachwe nje na mnyororo shingoni, kwani mbwa aliyetishika humwuma hata amjuaye. Akimwuma mtu, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha hospitali upesi, kwa kuchelea kichaa cha mbwa.

Lakini kelele si ubaya wa pekee. Likizo ndio wakati ambapo jamaa zetu wengi wa mitaa hiyo hushuka Mombasa, Malindi na Lamu kuwaamkia wazee. Mlango hutiwa kufuli na paka akasahauliwa ndani, ama akaachiwa kisahani cha siku moja kwa safari ya majuma mawili. Hapa hatuna haja ya kutafuta fatwa mbali. Bukhari na Muslim wamepokea habari aliyoieleza Mtume (s.a.w.) ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia hata akafa kwa njaa. Wamepokea pia habari ya mtu aliyeteremka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa.

Yuko atakayesema kwamba mbwa ni najisi. Ni kweli, madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu pwani twayafuata yanahesabu hivyo. Lakini najisi ina namna yake ya kutwaharishwa, nayo si ruhusa ya kumtupia mbwa fataki miguuni. Hata Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, yahesabu kumtisha mnyama kwa ukatili kuwa ni kosa.

Basi wazazi, mtoto akipewa pesa za Idi, aambiwe pia haki ya paka wa nyumbani. Na wewe unayejiandaa kupanda basi la Mombasa, mwachie jirani ufunguo na chakula cha paka cha siku zote utakazokuwa safarini. Jirani wa Majengo, awe Muislamu au la, hakatai jambo kama hilo. Kufuli hulinda vyombo. Mwenye roho humlinda mtu.