Harusi Isimtoe Paka Mgonjwa Nyumbani



Msimu wa harusi ukifika, sisi tunaoshona magauni na mabuibui tunaingia nyumba nyingi kupima na kujaribisha nguo. Kwenye nyumba hizo kuna neno tunalisikia ambalo leo tunataka kulisemea: "Huyu paka mgonjwa atolewe kabla wageni hawajaja." Kutolewa sote tunajua maana yake. Ni kutiwa ndani ya gunia na kwenda kuachwa sokoni. Paka mzima huko atajitafutia vichwa vya samaki. Paka mwenye kisukari na figo zilizochoka hana siku nyingi.

Sisi msimamo wetu ni huu: paka uliyemlisha miaka akakuzoea ni amana yako, na maradhi hayaivunji amana. Na kama daktari wa mifugo amesema anahitaji kutiwa maji ya dripu nyumbani, kazi hiyo mwanamke wa kawaida anaiweza. Biharusi pia anaiweza, tena bila kujificha.

Tunasema hivi kwa sababu tunaifanya. Kwenye chumba chetu cha cherehani yupo paka jike mzee, tunamwita Halua. Ana maradhi yote mawili. Wateja wakimkuta ametundikiwa chupa kwenye bomba tunalotundikia magauni, wengine hucheka, wengine hukasirika. Basi tuelezane.

Kisukari humwaga sukari kwenye mkojo, na sukari huondoka na maji. Figo zilizochoka nazo haziwezi kuyabana maji mwilini. Kwa hiyo paka anakunywa sana, anakojoa sana, na bado anakauka. Utamwona anakonda, hataki kula, fizi zinanata, na ngozi ya mabegani ukiivuta juu hairudi upesi. Dripu haiponyi figo, wala tusidanganyane. Inamrudishia maji aliyopoteza, akapata nguvu ya kula na kutembea. Huenda akaishi miezi au hata miaka kwa raha, na hilo si dogo.

Maji haya hayatiwi kwenye mshipa, yanatiwa chini ya ngozi. Unaipasha chupa ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, unajaribu joto kwenye kifundo cha mkono kama maziwa ya mtoto. Unaitundika juu. Unainua ngozi baina ya mabega kama unavyoinua kitambaa kufanya rinda, unaingiza sindano chini ya rinda hilo, unafungua mrija. Halua huwa anakula huku maji yanaingia. Dakika kumi zinatosha. Mgongoni hubaki kibonge laini kinachoteremka taratibu hadi kwenye mguu wa mbele, kisha baada ya saa kadhaa kinaisha. Sindano hutumika mara moja tu. Sisi mafundi tunajua sindano butu inavyochana satini. Ngozi ya kiumbe ni zaidi ya satini.

Lakini huruma bila ujuzi inaua, kwa hiyo yashikeni haya.

Kwanza, daktari kabla ya dripu. Apimwe uzito, damu, mkojo na moyo. Halua ana kilo 4, na sisi tuliambiwa mililita 100, mara tatu kwa wiki. Hicho ni kipimo chake, usikinakili kwa wako. Maji yakizidi humdhuru paka, hasa mwenye moyo dhaifu. Ukiona anahema mbio, simamisha na umpigie daktari.

Pili, aina ya maji. Daktari ndiye anayechagua, aghlabu Ringer lakteti au maji ya chumvi ya 0.9%. Maji ya dripu yenye glukosi usimtie kwa akili yako. Huyu ni mgonjwa wa kisukari, na isitoshe yanaweza kumuumiza chini ya ngozi.

Tatu, insulini ni jambo lingine, dripu haishiki nafasi yake. Kwa kawaida hupigwa mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12. Sisi visiwani tumerahisishiwa: jua huchomoza na kuzama kwa takriban saa 12 mwaka mzima, hata mwezi wa Ramadhani ratiba haiharibiki. Ale kwanza. Kama hakula, usimpige mpaka umuulize daktari. Akilegea, akipepesuka au akitetemeka baada ya sindano, huenda sukari imeshuka: mpake asali kwenye fizi na mkimbize kwa daktari.

Nne, bomba la sindano lilingane na dawa. Insulini ya binadamu aghlabu ina uniti 100 kwa mililita, na ya wanyama mara nyingi ina uniti 40. Ukichanganya ni sawa na kupima gauni kwa inchi ukakata kwa sentimita, ila hapa hakuna kitambaa kingine cha kukatia upya.

Tano, insulini ya bibi iliyomo frijini ni ya bibi. Usimpunguzie mzee wako dozi kwa ajili ya paka, na usimpige paka kwa kipimo cha bibi. Dawa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, isigande. Na panadoli usimpe paka kabisa, hata kipande. Kwake ni sumu.

Sasa lawama kubwa: "Watu hospitali wanakosa dripu, nyinyi mnampa paka!" Neno hili lina uzito na hatulidharau. Lakini chupa ya Halua hatukuitoa wodini, tumeinunua kwa jasho letu, na sadaka kwa watu haikusimama. Na anayelisema hatumsikii akililaumu gauni la usiku mmoja. Chupa moja ya dripu haifiki bei ya yadi moja ya lesi nzuri ya harusi. Gharama halisi iko kwenye insulini na vipimo. Asiyeiweza hana lawama, kwani hakuna anayebebeshwa zaidi ya uwezo wake. Amwambie daktari ukweli, amuulize njia ya kumpunguzia kiumbe maumivu, au atafute mtu wa kumpokea. Gunia si mojawapo ya njia hizo.

Dini yetu imeshalisemea hili. Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie, imo kwa Bukhari na Muslim, na wengi tumefundishwa tangu chuoni. Lakini mabibi harusi tunawataka wamkumbuke na Kabsha bint Kaab, mke wa mtoto wa Abu Qatada. Alimmiminia mkwewe maji ya udhu, akaja paka. Mzee yule, sahaba wa Mtume (s.a.w.), akamwinamishia paka chombo mpaka akanywa. Alipomwona mkwewe anatazama kwa mshangao, akamweleza kuwa Mtume amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzungukia majumbani. Tazameni: mke wa mwana yuko mbele ya baba mkwe, na baina yao kuna paka anayepewa maji. Hakuna aliyeona aibu.

Basi wewe unayepimwa gauni leo, yaseme mapema. Somo wako anakufundisha mengi kabla ya siku yenyewe. Na hili liingie. Kama unahama na paka wako, mwambie mchumba kabla ya nikahi, kupitia kwa wazazi, kwamba kuna kiumbe anapigwa sindano asubuhi na jioni. Kubalianeni pesa ya dawa inatoka wapi, isije ikachotwa kimyakimya kwenye pesa ya matumizi. Kama anabaki kwa mama, mfundishe mdogo wako kwa mkono wake, wiki kadhaa kabla, daktari akiona. Siku ya harusi mwekeni chumba tulivu mbali na ngoma, na mmoja akabidhiwe ratiba kwa jina. "Mtu atamwangalia" maana yake hakuna atakayemwangalia.

Na siku itafika maji hayatasaidia tena. Atakataa chakula siku baada ya siku, atajificha, hatainuka. Hapo kumng'ang'aniza sindano hakutakuwa huruma tena. Mrudisheni kwa daktari, na la hukumu waulizeni masheikh wenu. Amana ina mwisho wake, na mwisho huo tusiupange sisi kwa kuwa tumealika wageni.

Allah atulainishie nyoyo, awape mabibi harusi wetu nyumba zenye rehema kwa kila mwenye roho iliyomo ndani yake. Amin.