Mihadhara ya Mchana Ifike Newala

Vyuo vikuu vingi vina desturi njema: mara moja kwa juma, saa ya chakula cha mchana, msomi husimama akaeleza siasa, utamaduni na jamii ya eneo fulani. Masasi na Newala zimewapa wasomi wa namna hiyo mengi ya kusema. Mjerumani Karl Weule alipita huko mwaka 1906, akanasa nyimbo kwa santuri za nta, akaenda nazo Leipzig. Kitabu chake kikatoka mwaka 1908. Utafiti wa J. Gus Liebenow juu ya Wamakonde na utawala wa kikoloni ulichapwa Marekani mwaka 1971. Terence Ranger naye aliandika jinsi Askofu Vincent Lucas alivyojaribu kulitia jando la Masasi katika Ukristo.

Yote hayo yaliandikwa kwa lugha za kigeni. Mwalimu wa Newala anayetaka kueleza kwa nini wazee walikimbilia uwanda usio na maji, wakiwakwepa wavamizi na wafanya biashara ya watumwa, hupata taabu kuyasoma.

Chuo cha Ualimu Kitangali kiko papo hapo Newala. Hakuna haja ya kungoja kamati, maana kamati hujua kuchelewa. Idara za historia zipeleke mhadhiri, aseme Kiswahili, na wazee wapewe nafasi ya kumsahihisha hadharani. Mhadhara wa kwanza uwe juu ya Weule, mbele ya wajukuu wa wale walioimba.