Kongo: biashara zipo mjini, lakini Google haizioni

Mkaaji wa Bukavu anayetafuta simenti ya kumalizia nyumba hazunguki tena depo moja hadi nyingine kabla ya kuuliza simu yake. Mkongomani anayeishi Brussels na anayetaka kulipia jamaa yake mabati huko Lubumbashi anafanya vile vile: anaandika maneno mawili au matatu kwenye Google na kungoja jibu. Mara nyingi kinachotokea si duka la mjini. Ni ukurasa wa kigeni, orodha ya zamani yenye namba za simu zisizopita, ama tangazo la Facebook la miaka mingi iliyopita. Duka lipo, mali ipo, mnunuzi yupo, ila hawakutani.

Kwa miaka mingi wafanyabiashara wa Kongo hawakuliona hilo kama tatizo. WhatsApp na Facebook ziliwatosha, kwani mteja alikuwa mtu wa karibu, anayemjua mwenye duka au anayemjua mtu anayemjua. Lakini mitandao hiyo huonyesha mali kwa watu ambao tayari wako kwenye kundi au wanaofuata ukurasa. Anayetafuta kwenye Google ni mtu mwingine. Hamjui muuzaji, lakini anajua anachotaka, na mara nyingi yuko tayari kulipa siku hiyo hiyo.

Hasara yake inaonekana wazi kwenye hoteli. Mgeni anayetafuta chumba Bukavu ama Kolwezi hupata kwanza tovuti kubwa za kigeni za kukodisha vyumba. Tovuti hizo hukata sehemu ya pesa kwa kila usiku mteja anaolala, na kwa kawaida makato hayo huzunguka 15 kwa mia. Hoteli yenye tovuti yake inayoonekana ingeweza kubaki na pesa hizo zote. Isiyoonekana inalipa, mwaka hadi mwaka, kwa ajili ya kutambulishwa katika mji wake yenyewe.

Google inachagua namna gani

Google ilianzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin. Wazo lao la kwanza lilikuwa rahisi: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine nyingi za kuaminika huenda una maana kuliko usiotajwa na yeyote. Kila kiungo kilihesabiwa kama kura, na kura ya mtu anayeheshimiwa ikawa na uzito zaidi. Tangu wakati ule mambo mengi yameongezwa, lakini msingi huo haujaondoka.

Kazi yenyewe ina hatua tatu. Kwanza, programu za Google hupita kwenye kurasa na kuzisoma. Pili, zinachosoma huwekwa kwenye hifadhi kubwa. Tatu, mtu anapouliza, kurasa zinazofanana na swali lake hupangwa kwa utaratibu: ipi inajibu vizuri, ipi inaaminika, ipi inafunguka haraka, ipi iko karibu na anayeuliza. Juhudi ya kuusaidia ukurasa upite vizuri hatua hizo tatu ndiyo wanaozungumza Kifaransa wanaita référencement, na mafundi wengi wanaiita SEO.

Hakuna uchawi ndani yake. Tangu 2014 Google hutazama kama tovuti inalinda mawasiliano ya anayeitembelea, yaani kama anwani yake inaanza na https. Inataka sehemu kubwa ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde mbili na nusu. Na siku hizi inasoma tovuti kama inavyoonekana kwenye simu, wala si kwenye kompyuta. Jambo hili la mwisho ni muhimu mno kwa Kongo, ambako watu wengi huingia intaneti kwa simu na kununua mega kidogo kidogo. Ukurasa mzito hauudhi Google peke yake, unamaliza pia mega za mteja kabla hajaona bei.

Makosa ya nyumbani

Ukitazama tovuti nyingi za biashara nchini, kasoro zinafanana. Ya kwanza ni bei na huduma kuandikwa ndani ya picha. Mwenye duka anatengenezewa afishi nzuri yenye rangi, anaibandika kwenye tovuti, na anadhani amemaliza. Macho ya mtu yanaisoma afishi hiyo, lakini injini ya kutafuta inahitaji maandishi ya kawaida ili ijue kwa uhakika kinachouzwa.

Ya pili ni maneno. Tovuti inasema kampuni ni "kiongozi wa suluhisho bora", lakini hakuna mteja anayetafuta suluhisho. Anaandika "prix ciment Bukavu", "location voiture Kolwezi" ama "bei ya simenti Goma". Ukurasa usio na maneno ya mteja, jina la mji na jina la komine hauna namna ya kujibu swali lake. Hapa Kongo kuna jambo jingine: watu huuliza kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, kwa Lingala, na mara nyingi kwa lugha mbili zilizochanganywa. Tovuti nyingi zina Kifaransa peke yake. Kurasa za Kiswahili zinazozungumzia bei na huduma za miji ya mashariki ni chache, maana yake ni kwamba anayeandika leo hana washindani wengi.

Ya tatu ni anwani. Miji ya Kongo huelekezana kwa alama: karibu na Place de l'Indépendance, nyuma ya soko la Kadutu, mbele ya rond-point Signers. Google inatoa bure ukurasa wa biashara unaoonekana kwenye ramani, wenye namba ya simu, saa za kufungua, picha na maoni ya wateja. Kuujaza kwa uangalifu ni kazi ya mchana mmoja. Kwa duka dogo ambalo halina pesa za tovuti, hiyo peke yake inaweza kuleta wateja kuliko tovuti ya dola mia nyingi.

Kasoro ya nne haionekani mpaka siku ya ugomvi. Mara nyingi jina la tovuti huandikishwa kwa jina la fundi aliyeitengeneza, si la mwenye biashara. Fundi akihama mji, au wakikosana juu ya malipo, biashara inapoteza jina lake na kila kiungo ilichopata kwa miaka. Hati ya duka haiachwi mikononi mwa mchoraji wa kibao. Jina la tovuti nalo halina sababu ya kuachwa.

Wauzaji wa nafasi ya kwanza

Pengo hili limezaa soko. Kwenye mitandao ya kijamii kuna wanaoahidi nafasi ya kwanza kwenye Google ndani ya wiki mbili au mwezi. Google yenyewe inasema wazi kwamba hakuna anayeweza kudhamini nafasi ya kwanza, na kwamba kwa kawaida matunda ya kazi hii huanza kuonekana kati ya miezi minne na mwaka mmoja. Anayeahidi haraka kuliko hapo ama anauza matangazo ya kulipia, ambayo hutoweka pesa zikiisha, ama anatumia njia zilizokatazwa.

Njia hizo zinajulikana: kununua viungo kwa mamia, kujaza ukurasa maneno yale yale, kuandika maoni ya uongo. Walionaswa si wadogo tu. Februari 2006 Google iliondoa kwenye majibu yake tovuti ya Ujerumani ya kampuni ya magari BMW, kwa sababu ya kurasa zilizotengenezwa kudanganya injini. Februari 2011, gazeti la New York Times lilifichua kwamba viungo vingi vya bandia viliisukuma juu kampuni ya maduka J.C. Penney ya Marekani, nayo ikashushwa mara moja. Kampuni hizo zilikuwa na pesa na wanasheria wa kurudia safari. Duka la Kadutu likishushwa, huenda mwenyewe asijue hata kilichotokea.

Jibu bila kutembelea

Hata hivyo, anayefanya kila kitu sawasawa leo anakuta mlango wenyewe unabadilika. Tangu Mei 2024 Google imeanza kuweka juu ya majibu muhtasari ulioandikwa na akili bandia, na mwaka mmoja baadaye ilisema umefika kwenye nchi na maeneo zaidi ya 200. Mtu anauliza, anasoma muhtasari, anaondoka. Uchunguzi wa kituo cha Pew cha Marekani uliotolewa Julai 2025 ulionyesha kwamba watu walioona muhtasari walibofya kiungo cha kawaida katika 8 kwa mia ya utafutaji wao, wakati wasiouona walibofya katika 15 kwa mia. Viungo vilivyo ndani ya muhtasari wenyewe vilibofywa katika 1 kwa mia tu.

Nguvu hiyo imezua mashtaka. Agosti 2024 jaji Amit Mehta wa Washington aliamua kwamba Google ilivunja sheria ili kulinda ukiritimba wake wa utafutaji. Ulaya nayo inachunguza namna kampuni hiyo inavyotendea tovuti za vyombo vya habari. Kwa Kongo, ambayo haina uzito kama huo mbele ya kampuni za Marekani, maamuzi hayo yatafika yakiwa yamekwisha kufanywa. Sheria ya nambari ya Machi 2023, inayoitwa Code du numérique, inagusa biashara za mtandaoni na ulinzi wa habari za watu, lakini haiwezi kuamuru duka la Lubumbashi lionekane.

Kinachobaki mikononi mwa mfanyabiashara ni kile ambacho muhtasari hauwezi kukibuni: bei ya wiki hii, mali iliyopo depo, picha ya kweli ya mlango, jibu kwa swali ambalo wateja huuliza kila siku. Akili bandia nayo hujilisha kwa kurasa zilizoandikwa na watu. Mji usioandika habari zake utaelezwa kwa maneno ya wageni, na mara nyingi yatakuwa ya zamani.

Wakati wa vita, habari ya zamani ni hasara

Jambo hilo linauma zaidi mashariki. Tangu M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Goma ulisimama, na biashara nyingi zilihama au zilibadilisha namna ya kulipwa. Kwa mnunuzi wa kahawa ya Kivu aliye Ulaya, au shirika linalotafuta gari la kukodi, swali la kwanza ni moja: bado wanafanya kazi? Tovuti iliyoandikwa mara ya mwisho mwaka 2022 inamjibu hapana, hata kama mwenyewe yuko ofisini akingoja simu. Mnunuzi huyo hatapiga, atafuata jina linalofuata kwenye orodha, na huenda likawa la Kigali ama Kampala.

Mistari mitatu yenye tarehe, inayosema biashara iko wazi, inapokea malipo kwa njia gani na mali inapita wapi, haihitaji fundi wala dola nyingi. Lakini kuna mpaka. Wenye biashara wengine wana sababu nzuri za kutojionyesha: kuonekana kwa mteja ni kuonekana pia kwa wezi, kwa wanaodai kodi mara mbili na kwa wenye silaha. Kwao namba ya simu na jina la mji zinaweza kutosha, bila picha ya depo wala ramani ya mlango.

Uamuzi huo ni wa kila mmoja, lakini ni heri uwe uamuzi. Leo biashara nyingi za Kongo hazikuchagua kujificha. Zimefichwa na afishi isiyosomeka, namba iliyokufa na jina la tovuti lililo mfukoni mwa mtu mwingine, na hayo yote yanaweza kurekebishwa kabla mwezi huu haujaisha.