SARE MNAFANANA, SHIDA HAMJUANI: Vijana wa Kanisani Wana Kundi, Hawana Marafiki

Leo ni ukweli mtupu. Atakayenuna anune.

Pande za Kaengesa, Sumbawanga huko, kuna kaka mmoja alikuwa anaimba besi kwenye kwaya ya vijana. Jina halitajwi, kanisa halitajwi, na msianze kukisia, maana stori kama yake ipo Laela, ipo Mbeya, ipo Dar, na pengine ipo kwenye kundi lako wewe unayesoma hapa. Miaka mitatu kaka huyu hakukosa mazoezi. Jumatano yupo, Jumamosi yupo. Hata ile baridi ya Ufipa ya mwezi wa sita, ukiongea mdomo unatoa moshi, yeye yupo na koti lake.

Halafu mama yake akaugua. Akalazwa Sumbawanga mjini, na kwa kuwa dada zake wameolewa mbali, kijana ndo akawa wa kukaa naye. Wiki sita. Anafua, anakimbizana na dawa, usiku analala kwenye mkeka. Wiki sita zote hizo kundi la WhatsApp la kwaya lilikuwa limechangamka kweli kweli: asubuhi mstari wa Biblia, mchana vichekesho, jioni emoji za mikono ya kuomba. Yeye alitajwa mara moja tu, kwenye orodha ya ambao hawajamalizia hela ya sare.

Mama akafariki.

Hapo sasa kwaya ikaja, na haki yao wapewe, waliimba. Fuso limejaa, vitenge vimepigwa pasi vikanyooka, sauti nne zimekaa sawa mpaka wazee wakalia. Simu zikatolewa, video zikachukuliwa. Jioni kila status ilikuwa na picha ya mshumaa na maneno "pole sana ndugu yetu". Jua halijazama, fuso likageuza. Waliobaki ni kina mama wa jumuiya, wale waliokuja na ndoo za maji vichwani, kuni na unga, wakalala chini pamoja na wafiwa. Wao hakuna aliyewapiga picha.

Wiki mbili baada ya msiba kijana akasema ngoja arudi mazoezini, labda moyo utatulia. Akafika, akasalimia, akakaa sehemu yake. Katibu akafungua daftari. Mazoezi mawili kwa wiki, wiki sita, faini shilingi 500 kila ulipokosa. Jumla 6,000. Akasomewa mbele ya watu wote. Mmoja akadakia, "Kaka tulikumisi bana, lakini sheria ni sheria," watu wakacheka. Kijana akatoa 2,000 aliyokuwa nayo mfukoni, akaiweka mezani, akaimba mpaka mwisho. Akaenda nyumbani. Hajarudi tena.

Na sasa hivi anasemwaje? "Amerudi nyuma kiroho." "Dunia imemchukua." "Tumwombee." Jamani. Dunia imeingiaje hapo? Aliyemtoa yule kijana ni daftari, na daftari mmeliandika nyie.

"Hakutuambia"

Huo ndo utetezi wa kwanza unaokuja ukiwauliza. Hakutuambia. Angesema tungeenda.

Sawa. Lakini kijana huyu miaka mitatu alikaa katikati ya watu wawili wale wale. Kulia mtu yule yule, kushoto mtu yule yule. Wanajua akipanda sauti anakosea wapi. Wanajua saizi yake ya shati, maana sare ilipimwa. Ila hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kwao yuko na mama tu. Miaka mitatu ya "Bwana asifiwe, za tangu juzi, nzuri," basi, vitabu vya nyimbo vinafunguliwa.

Na kwa nini hakusema? Jibu wanalo wenyewe. Mwaka mmoja kabla ya hapo kuna dada wa kundi hilo hilo alisimama kwenye maombi akatoa lake la moyoni, mambo ya nyumbani kwao, analia. Wakamshika mikono, wakamwombea kwa machozi. Hiyo Jumapili. Jumanne stori ilikuwa sokoni, imeongezwa na chumvi. Wapo waliokuwa wanaielezea kwa kuanza na "tuzidi kumwombea fulani, maana nasikia..." Umbea wa kanisani una adabu zake, unaanza na sala.

Vijana wote waliokuwepo siku ile walijifunza somo moja: hapa usiseme kitu. Sema umebarikiwa, sema Mungu ni mwema, kaa chini. Sasa mtu aliyefundishwa kunyamaza, akinyamaza mnamlaumu?

Aliyekuwa anakuja hospitali kila jioni ni jamaa mmoja anayeendesha bodaboda pale Sumbawanga mjini, walisoma wote shule ya msingi. Jamaa huyu kanisani haonekani, na Jumamosi jioni ukimtafuta utamkuta kilabuni. Lakini kila akimaliza kijiwe anapita na ugali kwenye hotipoti, anakaa nusu saa, wanabishana Simba na Yanga, anaondoka. Siku mama alipokata roho, saa nane usiku, namba iliyopigwa ilikuwa ya bodaboda. Kwenye simu ya kijana kulikuwa na namba arobaini na ushee za wanakwaya. Hiyo peke yake ilitakiwa iwanyime usingizi viongozi wa vijana wiki nzima.

"Kanisani tunamfuata Mungu, si marafiki"

Utetezi wa pili huu, na wanaoutoa huwa wanaona wamemaliza kila kitu. Watu wanakuangusha, mwangalie Yesu tu.

Basi mwangalieni huyo Yesu. Kwenye Yohana 15 anawaambia wanafunzi wake kwamba sasa anawaita rafiki, hawaiti tena watumwa. Kwenye Marko 2 yule aliyepooza alifika mbele ya Yesu kwa sababu watu wanne walimbeba, na walipokuta mlango umejaa watu walipanda wakatoboa paa. Hao wanne walijua mwenzao hatembei. Wasingejua, wangekuwa ndani wamekaa viti vya mbele wanashangaa mbona leo fulani hajaja, wakamwandikia faini.

Na Ayubu je? Watu wanawakumbuka rafiki zake kwa maneno mabaya waliyoongea baadaye, ila wanasahau walivyoanza. Walisikia habari, wakatoka kwao, wakakaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno. Hapo walikuwa sahihi kabisa. Waliharibu walipofungua midomo kumwambia amekosea wapi kiroho. Sasa kuna makundi ya vijana yameruka zile siku saba, yakaenda moja kwa moja kwenye kuhukumu.

Hata Roma wameliona hili. Baada ya sinodi ya maaskofu ya 2018 iliyowahusu vijana, Papa Fransisko aliandika waraka wa Christus Vivit mwaka 2019, na humo urafiki umeelezwa kama zawadi inayotoka kwa Mungu mwenyewe. Hakuuweka kama nyongeza ya kujaza muda baada ya ibada.

Chama kilichozaliwa na urafiki uliokufa

Kuna padri mmoja wa Ubelgiji aliitwa Joseph Cardijn, alizaliwa 1882. Akiwa kijana alienda seminari, wenzake aliosoma nao wakaingia viwandani. Aliporudi likizo akakuta hawamtaki. Kwao ameshakuwa mtu wa upande mwingine, msomi wa mapadri. Wale waliokuwa wanacheza wote wakawa wanamwangalia kama mgeni.

Picha hiyo Kaengesa si ngeni. Kaengesa ina seminari yake, na kila mwaka wapo walioketi dawati moja darasa la saba, mmoja akaenda masomoni, mwingine akabaki na jembe kwenye mahindi na maharage. Likizo wakikutana njiani wanasalimiana kwa heshima, halafu kila mtu anatafuta pa kuangalia.

Cardijn lile jambo lilimuuma maisha yake yote. Alipokuwa padri hakuanza na tamasha. Alikusanya vijana wafanyakazi kwenye vikundi vidogo, wakawa wanachunguza maisha yao wenyewe: kazi zao, mishahara yao, nyumbani kwao. Kwanza unaona, halafu unaamua, halafu unatenda. Mwaka 1925 kikawa chama rasmi cha vijana wafanyakazi Wakristo, kikasambaa duniani. Mwaka 1965 alifanywa kardinali, akafariki 1967. Tanzania mizizi hiyo ipo mpaka leo kwenye VIWAWA, yaani Vijana Wakatoliki Wafanyakazi. Angalieni hilo neno la mwisho. Wafanyakazi. Mtu mwenye kazi, mwenye shamba, mwenye deni la mbolea, mwenye mama mgonjwa. Huyo ndo alitakiwa aonekane kwanza.

Siku hizi kuona kumerukwa. Vikao ni kuamua na kutenda tu: tuamue rangi ya kitenge, tutende harambee. Ajenda ya kwanza michango, ya pili uzinduzi wa albamu, ya tatu safari ya kwenda kuimba parokia jirani, mengineyo tufunge kwa sala. Nani ameona nini? Hakuna.

Na msiseme ni makosa ya simu. Simu ndo ilimwita bodaboda saa nane usiku. Simu ni ile ile, tofauti ni aliyeishika.

Wanaoweza wapo, tena ni mama zenu

Inauma zaidi kwa sababu Ufipa si mahali pageni kwa kanisa. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe, walifika Karema kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1885. Zaidi ya miaka 100 ya imani. Na miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki kupitia AMECEA walishaamua kwamba kanisa lijengwe kwenye jumuiya ndogo ndogo, nyumba chache chache, watu wanaofahamiana kwa mlango na kwa jina. Kina mama waliolala msibani kwa yule kijana hawakuwa na kipaji cha ajabu. Wao wanakutana majumbani, kwa hiyo wanajua nani anadaiwa, nani ameachwa, nani anaumwa. Vijana wengi jumuiya hawaendi. Wanaona ni za wazee. Wanataka jukwaa, spika na kamera.

Kwa hiyo kifanyike nini? Vitu vinne tu, na havihitaji mfadhili.

Moja, kundi la watu arobaini ligawanywe watatu watatu. Mmoja asipoonekana mara mbili, wawili wanaenda kwao. Wanaenda kwa miguu, wanabisha hodi, wanakaa. Ujumbe wa WhatsApp hauhesabiki.

Mbili, daftari la mahudhurio libaki, ila kazi yake ibadilike. Liwe la kutafuta aliyepotea. Faini ya mtu aliyekuwa anauguza ni aibu ya kundi zima, ifutwe hata kama mfuko hauna kitu.

Tatu, siri ya mtu ikitoka kwenye maombi, aliyeitoa asimamishwe uongozi, awe mwenyekiti, awe mtoto wa mchungaji, awe nani. Mnasimamisha watu kwa kuchelewa mazoezi dakika kumi, lakini kwa kumvua mwenzenu nguo sokoni hakuna hata onyo.

Nne, kaka na dada wakiongea baada ya ibada waacheni waongee. Siyo kila salamu ni uchumba. Kuna watu wamekosa rafiki wa kweli kwa sababu kamati ya maadili ilikuwa imesimama nyuma ya mti.

Atatokea wa kusema kwamba hata wao viongozi ni vijana, wana shida zao, hawawezi kubeba za kila mtu. Kweli kabisa, na ndo maana watatu watatu. Katibu aliyesoma lile daftari naye pengine ana lake linalomkaba usiku, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Anavaa kitenge kile kile, anaimba wimbo ule ule, anarudi kulala peke yake na mawazo yake. Ukitoka kwenye kundi la namna hii hakuna anayekuona, na ukibaki humo pia hakuna anayekuona.

Watu wa Dar wakisikia Sumbawanga wanaanza utani wa radi na uchawi. Wenyeji wenyewe husema jina la mji maana yake ni tupa uchawi, yaani ukiingia hapa acha mambo yako ya giza huko huko. Basi vijana wa kanisani nao wana cha kutupa kabla hawajaingia mazoezini Jumamosi hii. Waanze na lile daftari la faini.

Halafu wawili kati yao, yule wa kulia na yule wa kushoto, wapande njia waende kwa yule kaka wa besi. Wasibebe barua ya wito wala kwenda kumrudisha kundini. Wabebe sukari kilo moja, wakae, wamuulize mama yake alikuwa anaitwa nani.

Na wewe msomaji: mtu anayekaa karibu yako kanisani, ukiacha jina na namba ya simu, unajua nini kingine kuhusu yeye? Funguka hapo chini. Bila kutaja majina.