Kinga nayo ipewe njia

Rafiki wawili wakipanda kinga Lubumbashi kwenda Zambia, wana kilomita karibu 90 kabla ya kufika mpaka wa Kasumbalesa. Mbele lori ya shaba, nyuma lori ya shaba. Wakivuka, wanabadili upande: Kongo watu wanapita kuume, Zambia kushoto. Mmoja anaangalia mbele, mwenzake anasikiliza nyuma. Wanarudi na mifuko ya bunga. Bunga hiyo inakuwa bukari ya watu wa muji, na ya jamaa zilizokimbia vita pia.

Lakini macho ya rafiki hayatoshi kuzuia lori. Lori zinalipa kupita barabara hiyo. Sehemu ya pesa hiyo itengeneze njia ya kinga pembeni. Anayeleta chakula asilipe kwa uzima wake.